Munkoyo wa Matanga

Mpaka leo, nikiona mchungaji yule anapita na Biblia yake kwapani, napandwa na hasira. Sijamsamehe, na asinisalimie.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameacha pombe. Kuacha kwenyewe, siyo kule kwa kuapa Jumapili na kulewa Jumatatu. Alikuwa amerudia ufundi wake wa magari, na mke wake, aliyekimbilia kwa wazazi wake mtaa wa Bel-Air, alikuwa ameahidi kurudi nyumbani tukimaliza matanga ya shangazi.

Matanga yalikuwa kwetu, katika mtaa uitwao Kenya. Kulikuwa na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho hata watoto hupewa. Ila ndoo ya mwisho ilikuwa imekaa sana kwenye joto, ikachacha. Kaka alipiga funda moja, akakunja uso, akaweka kikombe chini.

"Hii iko mukali," akaniambia. "Sitaki tena."

Alikiweka chini mwenyewe! Hakuna aliyemnyang'anya. Lakini mchungaji wa kikundi chake cha maombi alikinusa kile kikombe, akapaza sauti mbele ya waombolezaji wote.

"Ndugu, ulisha kuanguka! Tone moja tu, shetani anarudia na mashetani benzake. Sasa hauna nguvu ya kujizuia."

Akampigisha magoti, mtu mzima, kwenye vumbi. Nikajitokeza mbele.

"Baba pasta, si aliacha yeye mwenyewe? Angalia, kikombe kingali kimejaa!"

"Mama, ulevi hauna nusu," akanijibu, wala hakunitazama.

Watu wakaitikia amina. Amina ya nini? Wifi yangu, yule mke wa kaka, aliyekuwa kati ya waombolezaji, akainuka kwenye mkeka, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka bila kuaga. Kaka alimwangalia mpaka akapotea kwenye kona.

Halafu akapangusa magoti, akavuka barabara kwenda kwa mama anayeuza lutuku, ile pombe kali inayowaka kooni. Nikamkimbilia, nikamshika shati, nikamwita kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, rudia nyumbani! Haukuanguka!"

"Baba pasta alisema nilisha kuanguka," akasema taratibu, akanitoa mkono. "Unataka nimubishie?"

Yule mama muuzaji akammiminia. Namjua kaka yangu akiwa na hamu ya pombe, mikono humtangulia. Siku hiyo mikono ilikuwa imetulia. Akafumba macho, akanywa kama mtu aliyetumwa.