Rabi Amramu Kuhani, Aliyeisoma Sheria Ikamnyang'anya Mke

Alizaliwa mwaka 1825 kwa hesabu ya Wazungu, katika kijiji cha Tizgin, milimani juu ya Demnate, palipokuwa na nyumba sita tu za Wayahudi na hakuna aliyesoma zaidi ya sala zake. Baba yake, mshona matandiko ya nyumbu, alikuwa wa ukoo wa makuhani, uzao wa Haruni, akamrithisha ukoo huo na sindano ya kushonea ngozi, basi. Amramu alikua hajui herufi. Kila Sabato alisimama mbele ya watu kuinua viganja na kuwabariki, akifuatisha neno kwa neno alilotamkiwa, huku nyuma wakinong'ona, "Haya, kasuku wa Haruni kasimama!" Watu wa milimani tuna midomo, tunajijua. Alimwoa Tamo, yatima asiye na ndugu. Mungu aliwapa watoto wawili, ndui ikawachukua wote wawili, wakabaki wao kwa wao. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue Tamo alikuwa nini kwake: hakuwa na mwingine.

Amramu alikuwa na hasira za karibu, na sitazificha eti kwa kuwa leo tunamwashia mishumaa. Sabato moja walipata wageni, mwandishi wa hati aliyekuwa safarini pamoja na wafanyabiashara wawili. Chungu kilichokaa motoni tangu Ijumaa kikaungua. "Bwana, hii nyama au makaa?" wakamtania. Utani ule ulimkaa rohoni hadi Jumapili asubuhi, akamwambia mwandishi amwandikie Tamo talaka. Mwandishi, Mungu amsamehe, hakumpooza wala hakumuuliza kitu. Aliandika, wale wawili wakashuhudia, Tamo akaipokea mkononi, wageni wakapanda nyumbu wao. Adhuhuri haijafika, Amramu alikuwa chini sakafuni analia.

"Nimekosa, Tamo."

"Umekosa kweli, na chakula kiliungua kweli. Njoo ule mkate."

Hati ikatupwa motoni, na kijiji kikaona yamekwisha. Nani angewaambia kuwa hayajaisha?

Alipokaribia miaka arobaini, ujinga wake ulimwelemea. Tamo ndiye aliyemsukuma. "Kuhani mzima unawabariki watu kwa maneno usiyoyaelewa! Nenda kasome." Akasema, "Na ndevu hizi?" Naye akamjibu, "Kwani ndevu ndizo zinazosoma?" Akauza vikuku vyake vya fedha, wakahamia Demnate. Huko aliishi Rabi Yihya, kadhi kipofu aliyeijua sheria yote kwa moyo, ambaye kila juma ilimbidi kuzunguka masoko ya milimani kuamua kesi. Amramu alimtolea nyumbu wake na mkono wake, na ujira aliotaka ni kufundishwa njiani. Herufi alifundishwa kwa vipande vya ngozi: mzee alizitoboa kwa msumari wa kushonea, wakazipapasa wote wawili kwa kidole. Hivyo alisoma miaka mingi, kwenye mvua na vumbi, na kila jioni alimsimulia Tamo alichokipata.

Siku moja, kwenye mteremko wa kurudi mjini, walifika kwenye sheria za talaka. "Mume akimwacha mkewe kisha akatulia," alisema kipofu, "aweza kumrudia, maadamu hajaolewa na mwingine. Isipokuwa kuhani. Kuhani haruhusiwi mwanamke aliyeachwa, hata kama ni yeye mwenyewe aliyemwacha." Nyumbu akasimama, kwa sababu aliyemshika kamba alisimama.

"Hata akimrudia siku ileile, Rabi?"

"Hata wino haujakauka."

"Na kama hakujua?"

Mzee akauelekeza uso wake kule sauti ilikotoka. "Amramu mwanangu," akasema, "ni nani huyo?"

Angeweza kunyamaza, maana mwandishi alikuwa amekwenda zake na hati ilikuwa majivu. Lakini alikwenda nyumbani akamwambia Tamo yote. "Mimi ndiye niliyekutuma ukasome," alisema Tamo. Kisha akasema, "Ungeweza kunificha." "Ningeweza." "Basi ungekuwa umesoma bure." Alikunja blanketi lake akaenda kukaa kwa mjane Rahma, mwisho kabisa wa mtaa wa Wayahudi, kwa kuwa sheria haiwaruhusu walioachana namna hiyo kukaa hata kichochoro kimoja. Ole wetu! Nimesikia majaribu ya watakatifu wengi, na bado hili linaniuma zaidi.

Tangu siku hiyo Amramu alisoma kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba inayoungua, na watu waliomsifu kwa elimu hawakujua kuwa alikuwa akimtafutia Tamo njia ya kurudi. Alipata moja tu. Shahidi mmoja akiwa jamaa wa mke, talaka huanguka, nayo huwa kama haikuandikwa. Alishuka hadi Marakeshi akawauliza wafanyabiashara mmoja mmoja, mpaka akampata Mimun, mmoja wa wale wageni wawili, sasa mzee mwenye kazi ya kutia nguo rangi, mikono yake buluu hadi viwikoni.

"Una undugu wowote na Tamo?"

"Sina, wala marehemu mwenzangu hakuwa nao." Mimun alimtazama, akamwonea huruma. "Lakini sikiliza, bwana. Ukitaka, mimi ni binamu yake. Nani atanipinga?"

Amramu aliegemea ukuta. "Mungu akulipe kwa moyo wako," akasema. "Ila nikimrudia kwa uongo, Tamo mwenyewe hatanifungulia." Akarudi Demnate kwa miguu. Tamo alimkuta kisimani mbele ya watu. "Umepata?" "Sikupata." "Haya. Umekula?" Hawakuzungumza tena jambo hilo maisha yao yote.

Rabi Yihya alipofariki, ukadhi ulimwangukia yeye. Katika kusoma aligundua kwamba wahenga, wakizijua hasira za makuhani, waliwahi kubuni hati ya talaka ya kukunjwa na kushonwa, kila kunjo na shahidi wake, ili kazi ichukue muda na moyo upoe. Ufundi huo ukapotea. "Walinifikiria!" alilia. "Walinifikiria kabla sijazaliwa!" Kwa hiyo kuhani aliyetaka kumwacha mkewe aliamriwa kwanza ashone tandiko zima katika kibanda cha Amramu. Wengi walirudi kwa wake zao kabla ya kumaliza upande mmoja. Kibandani humo pia, kila alasiri, aliwafundisha sheria wapagazi, wachinjaji na wachuna ngozi, watu wazima waliochelewa kama yeye.

Tamo alifariki majira ya baridi ya mwaka 1889. Kuhani haruhusiwi kugusa maiti wala kuingia makaburini ila kwa jamaa wa karibu. Mke ni jamaa, aliyeachwa si jamaa. Amramu aliketi kibandani, sindano mkononi, hashoni. Lakini wanafunzi wake walijua pia sheria nyingine aliyowafundisha yeye mwenyewe: maiti asiye na ndugu, mtu akiita na asiitikiwe na yeyote, hata kuhani analazimika kumzika. Wanawake walimwosha Tamo, wakamvika sanda, wakaondoka. Kaburi lilikwisha kuchimbwa. Shauli mchinjaji, mkuu wa chama cha mazishi, akapita nyumba kwa nyumba.

"Leo Demnate haina mtu. Mmesikia?"

"Na tukiulizwa?"

"Anayeulizwa ni aliyepo. Wewe hupo. Funga mlango!"

Amramu alikuja akitarajia kuufuata msafara kwa mbali na kusimama nje ya ukuta wa makaburi. Alimkuta Tamo peke yake mlangoni kwa Rahma, na manyunyu yakianguka. "Nani anamzika maiti huyu?" aliita. Aliita sokoni, akaita mbele ya sinagogi. Milango yote ilikuwa imefungwa. Ndipo akamwinua mikononi mwake, kwa mara ya kwanza tangu Tamo alipokunja blanketi lile, akambeba mwenyewe mpaka kaburini, akamfukia kwa mikono yake.

Baadaye Shauli alimjia akitokwa na machozi. "Mwalimu, tusamehe. Tulikuwemo ndani."

"Sheria inasema niite," alijibu Rabi Amramu. "Niliita. Haikusema nichungulie milangoni."

Alifariki mwaka 1897. Kaburini kwake huja wake walioachwa pamoja na waume wao wenye hasira, na husemwa kwamba wengi huondoka wameshikana mikono. Nawe uliyechelewa, anza kusoma leo. Lakini usisome peke yako. Wafundishe na majirani, maana iko siku elimu yako itakufungia njia, na elimu yao ndiyo itakayokufungulia.