Msomaji wa Meseji za Mama Maxine

Ndinda alikuwa fundi wa nguo huko Kiganjo, Thika. Mashine yake aliiweka kwenye veranda ya ploti ya vyumba vya kupanga aliyokuwa akiishi, na jirani yake wa mlango wa pili alikuwa Perez, mama wa miaka sitini na tatu kutoka Ugenya. Perez alikuja Thika akiwa msichana kutafuta kazi ya kiwanda, akazeekea hapo. Ploti nzima ilimwita Mama Maxine, kwa jina la binti yake wa pekee.

Perez hakuwahi kuketi darasani. Namba alizijua, na kwenye kile kisimu chake kidogo cha vibonyezo alijua ni nani anapiga. Lakini meseji ikiingia ilimbidi amtafute mtu.

Na meseji zilikuwa zinaingia, kwa sababu simu za binti yake hakuwa anapokea. Maxine alikuwa ameacha masomo ya uuguzi akaenda kukaa na kijana mmoja Kamakis, kule Ruiru. Siku alipotoka na begi lake, mama yake aliapa hatasikia sauti yake tena, na Perez akiapa huwa ameapa. Maxine alipiga wiki nzima, kisha akaanza kuandika. Aliandika Kiswahili, maana alijua anayesoma ni fundi Mkamba. Wajaluo wa kumsomea Perez walikuwa wengi hapo Kiganjo, wengine wa kanisa lake, lakini hakutaka watu wa kwao wajue mambo ya nyumba yake.

Meseji ya kwanza Ndinda aliisoma ilivyo. "Mama, ulinilea kama mfungwa. Usinitafute." Perez aliomba isomwe mara ya pili. Kisha akaingia chumbani, na kwa siku mbili hakutoka ila kuchota maji. Ndinda alipompelekea uji alimkuta ameketi kitandani na simu mkononi, anaikazia macho kana kwamba akiitazama sana itamwambia kitu kingine.

Ya pili ikaja wiki iliyofuata. "Nasikia unanitangaza kwa watu. Achana na maisha yangu." Ndinda aliisoma kimoyomoyo, akamtazama yule mama aliyekuwa amekonda kwa siku chache tu.

"Anasema hajambo," akamwambia. "Anauliza kama mguu wako umepona."

Perez aliugusa ule mguu uliokuwa ukimsumbua tangu Maxine akiwa bado nyumbani. "Amekumbuka mguu?"

"Amekumbuka."

"Mwandikie sina mtoto anaitwa Maxine," Perez akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya juzi.

Ndinda akaandika: "Mguu unaendelea vizuri. Jitunze."

Ndivyo ilivyoanza, na haikuwa ngumu. Perez akisema neno kali, Ndinda anaandika la upole. Maxine akituma la kuchoma, linafika likiwa limepoa. Baada ya miezi kadhaa Maxine naye akaanza kulegea kweli, akawa anauliza hali ya mama yake bila mtu kumsaidia. Ndinda alijiambia amewapatanisha. Perez akimletea mahindi ya kuchemsha na kumwambia, "Mungu akubariki, wewe ndiye unanishikia mtoto," Ndinda alikuwa anapokea mahindi na baraka zote mbili, na ukweli ni kwamba alizipenda.

Halafu mwezi wa kwanza mwaka huu ikaingia meseji ndefu. "Mama, niko na mimba. Nitazaa mwezi wa sita. Kabla mtoto apewe jina nataka kujua baba yangu ni nani. Umenificha miaka yote. Niambie ukweli hata kama ni mbaya, nikiujua nitakuja nyumbani."

Siku hiyo kulikuwa na wateja wawili wanangoja sare za shule. Ndinda hangeweza kusoma jambo kama hilo mbele yao. Alikusudia kulisoma jioni. Jioni ilipofika akaogopa. Akakumbuka zile siku mbili za mlango kufungwa, akajiuliza swali hili litamfunga mama huyu siku ngapi.

"Maxine ni mjamzito," akamwambia. "Anakusalimu sana."

Perez alijifunika uso kwa leso akalia, kilio cha furaha, na Ndinda hakupata tena pa kuingizia maneno yale mengine. Kwa Maxine akaandika: "Hayo tutayaongea siku moja." Jibu likarudi papo hapo. "Nangoja." Hilo hakumsomea Perez kabisa.

Mwezi wa sita Maxine akaandika: "Nimejifungua kijana. Kama bado hutaki kujibu swali langu, tafadhali usije." Ndinda akatamka sentensi ya kwanza peke yake.

Jumamosi asubuhi Perez alitoka amevaa gauni la kanisani, na shuka ya mtoto kwenye mfuko.

"Mama Maxine, si ungengoja akuite?" Ndinda alimwambia.

"Nani huitwa kuona mjukuu wake?"

Ndinda alijaribu kumzuia mara tatu. Aliposhindwa, akafunika mashine akaenda naye. Njia nzima hadi Kamakis alikuwa anatafuta pa kuanzia, na hakuanza.

Maxine alikuwa anakaa kwenye nyumba za kupanga nyuma ya hoteli za nyama choma. Alifungua mlango akiwa na mtoto begani, na alipomwona mama yake hakusogea.

"Mama, si nilikuambia usije mpaka unijibu?"

"Nikujibu nini? Wewe uliniambia umezaa."

"Swali langu. Miezi mitano nimengoja."

"Swali gani, Maxine?"

Maxine alimtazama mama yake, kisha akamtazama Ndinda. Akaingia ndani akatoka na simu, akaanza kusoma mlangoni pale pale, zake na zilizomrudia. Alisoma ile ya mfungwa, Perez akakubali kwa kichwa. Akasoma ile ya kutangazwa kwa watu. "Hiyo sijawahi kusikia," Perez akasema. Akasoma "jitunze", akasoma "nakuombea", akasoma "nimekusamehe". Kila moja Perez alisema, "Si mimi." Ilipofika ile ya mwezi wa kwanza Maxine hakuweza kuimaliza. Perez aliuegemea mlango.

"Auntie," Maxine akasema, "ni wewe ulikuwa unaniandikia?"

"Ni mimi," Ndinda akasema. "Nilitaka msiumizane."

Perez aliingia ndani, akaketi kwenye kochi, akaanza kuongea Kijaluo, polepole, akitazama sakafu. Aliongea kwa muda mrefu. Maxine aliuliza jambo, mama yake akajibu. Akauliza tena kwa ukali, kisha akalia, na Perez hakuacha kuongea. Ndinda alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mwaka mmoja na nusu kila neno la watu hawa wawili lilipitia kwake, na sasa hakuelewa hata moja. Jina moja tu alilisikia likirudiwa, Obiero, na hakujua kama ndilo jibu ama ni mtu mwingine. Hatimaye aliaga bila kusikiwa akarudi Thika peke yake.

Perez alirudi siku ya nne. Alirudi na simu ya kugusa aliyonunuliwa na bintiye, ya kutumiana sauti, na hakuhitaji tena msomaji. Wiki mbili zikapita kabla hajasimama mbele ya mashine ya Ndinda. Alikuwa amekuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakikuwa kimeshonwa.

"Mama Maxine, nisamehe," Ndinda akamwambia.

"Najua hukunifanyia kwa ubaya," Perez akasema. "Lakini mtoto wangu alikaa miezi mitano akijua nimemnyima jibu. Alizaa akijua hivyo. Hiyo siwezi kukuachilia bado."

"Utaniachilia, basi."

"Nimesema bado. Usinisomee kitu sijasema."

Akakunja kitambaa, akampelekea fundi mwingine karibu na steji ya matatu.

Sasa wanasalimiana habari ya asubuhi na habari ya jioni, basi. Ndinda hasomei mtu meseji siku hizi, mtu akileta simu anamwambia macho yanamsumbua. Akiwa anashona humsikia Perez upande wa pili wa ukuta akiiongelesha simu yake Kijaluo. Siku nyingine anafoka hadi watoto wa ploti wananyamaza, kisha sauti ya Maxine inajibu, nayo ni kali vile vile. Siku nyingine kunakuwa na kimya kirefu kati ya sauti moja na nyingine, na Ndinda huondoa mguu kwenye mashine akangoja kusikia kama jibu litakuja.