Mlinzi Ahamisha Akiba

Kila anapoingia ofisi ya akiba za uzeeni pale Karatu mjini, mlinzi mmoja wa Kimasai huegemeza fimbo yake kitini, mwenyewe akabaki amesimama, kisha hukung'uta shuka lake jekundu kama mtu aliyetoka malishoni sasa hivi. Kicheko chake humtangulia mlangoni. Leo Penina, karani, alimwuliza tena: ile akiba ya uzeeni aliyowekewa na hoteli ya zamani, kule ukingoni mwa kreta, aichukue, aiache hukohuko, au aihamishie kwa mwajiri wake mpya? "Baba, ngoja kwanza nikusomee imefika ngapi." Mlinzi akaziba masikio kwa viganja vyake vipana. "Usinisomee, binti yangu! Ng'ombe hawahesabiwi. Niambie tu, huko wanazaa?" "Wanazaa, baba. Ila kwa huyu mpya wanazaa zaidi." "Basi wahame! Mimi siwezi kulala boma hili, ng'ombe wangu wakalala lile." Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akatoka akipiga mluzi. Penina akamfuata kwa macho dirishani. Alipofika lami mlinzi aliinua fimbo, magari ya watalii yakasimama, akavuka taratibu. Kisha akageuka, fimbo bado iko juu, akangoja mpaka ng'ombe wake wa mwisho, ambao yeye peke yake aliwaona, avuke.