Siku Mama Mkwe Alipocheza na Korongo

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katikati ya miaka ya sitini, nilimwogopa mama mkwe. Hakuwa na maneno makali. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mshika dini, nami niliyekuwa mgeni bomani kwake kule Busia nilidhani ananyamaza kwa sababu yangu. Aliponiambia nimsindikize hadi Tororo kumwona mdogo wake, usingizi ulinipaa.

Tulivuka mpaka kuingia Uganda asubuhi moja ya kiangazi, mbingu haina wingu, tukapanda basi. Njia nzima alinena jambo moja tu, kwamba nikae upande wa kivuli.

Mdogo wake, ambaye nilimwita mama mdogo, aliolewa upande wa Paya, huko huko Tororo. Nilitegemea kuona muhogo, na muhogo ulikuwapo. Lakini nyuma ya nyumba alikuwa amepanda bustani ya maua, na majirani walimcheka kwa kuwa maua hayaliwi. Ndege wadogo waitwao chozi walining'inia kwenye maua mekundu, midomo imepinda, manyoya yaking'aa kijani, wakigeuka yaking'aa zambarau. Alitutembeza polepole, akitueleza kila mche alipewa na nani. Bustani ilikomea kwenye kinamasi, na hapo tukatandika mkeka tukala viazi vitamu na karanga.

Ndipo korongo wakaja, wale wenye taji la dhahabu. Wawili kwanza, kisha kundi zima likashuka kwenye nyasi fupi mbele yetu. Mmoja aliinamisha kichwa, akakunjua mbawa, akaruka juu miguu ikining'inia. Mwenzake akamjibu vivyo hivyo.

Mama mdogo alimgeukia dada yake. "Bado unakumbuka?"

Mama mkwe alivua viatu vyake vya kanisani, akavipanga kando ya mkeka, akasimama na kuitandaza leso yake mabegani kama mbawa. Akainama. Akaruka. Mama mdogo akamfuata. Baadaye waliniambia kwamba utotoni, walipotumwa kulinda mtama, walicheza hivyo na korongo huku ndege wengine wakiumaliza mtama wenyewe, wakachapwa wote wawili.

Niliziba mdomo nisicheke, lakini kicheko kilinishinda. Mama mkwe aliniona.

"Simama, binti yangu," akasema. "Wewe una shingo ndefu kutushinda."

Nikasimama nikacheza. Korongo hawakukimbia. Walitutazama kichwa upande, wakaendelea na ngoma yao, nasi na yetu, hadi tukasikia honi ya basi la mwisho likipita barabarani. Nilishtuka, nikauliza baba mkwe atapikiwa na nani.

Mama mkwe alikaa chini akihema, akijipepea kwa leso. "Jiko analijua lilipo," akasema, na safari hii akacheka yeye mpaka machozi yakamtoka.

Kulipokucha, kabla hata ya chai, sote watatu tulikuwa tena ukingoni mwa kinamasi, miguu imelowa umande, tukiwangoja korongo.