Dari ya Nne ya Mvuke

Huyu ndiye Mvuke wa Ndoo Mbili, Mwangusha Dari, Mmaliza Kuni, binti wa Mfua Mabati aliyeezeka nusu ya mtaa huku nyumba yake mwenyewe ikivuja, mjukuu wa yule bibi aliyemfukuza mkusanya kodi kwa maji ya kuogea yaliyokuwa bado yanatokota. Kwao ni watu wa maji ya moto. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limeandikwa mahali, lakini hata mumewe hukohoa kwanza kabla ya kulikumbuka.

Aliolewa na fundi wa dari. Anayetaka kujua kama Mungu huwa anacheka, aanzie hapo.

Fundi aliitwa Shingo. Miaka ya kufanya kazi kichwa kikiwa juu ilikuwa imemkausha shingo ikabaki hivyo hivyo, akisalimiana na mtu utadhani anamtazama nzi kwenye paji la uso. Dari zake zilikuwa laini kama ganda la yai, na sharti lake la kazi alilitangaza kila nyumba aliyoingia: "Dari yangu haina tundu. Hata mbu akitaka kupita, aje aniombe mimi." Kwa Shingo, tundu kwenye dari lilikuwa sawa na tundu kwenye suruali ya bwana harusi, tena nyuma.

Sasa, mke wake alikuwa anaoga. Mtasema kila mtu anaoga. Hapana, wengi hujimwagia maji tu wakajifuta. Mvuke alikuwa anaoga. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishapigana vya kutosha, alibeba ndoo mbili za maji yaliyochemka, akaingia bafuni na kopo lake la bati alilofuliwa na baba yake, akasukuma komeo. Bafu lenyewe lilikuwa dogo, halina dirisha, lina vioo vinene tu vya kujengea vinavyopitisha mwanga na kuzuia hewa. Mvuke alikuwa amezaa wake, akalea na wa mawifi zake, na katika nyumba ile yote kitu pekee kilichomtii bila kujibu ni lile komeo. Akishalisukuma, hakuna aliyemwita mama. Alikaa kwenye kigoda, akamwaga maji kidogo kidogo, akaimba. Aliimba vibaya, lakini kwa moyo. Mpaka anatoka, taa imekuwa kama mwezi nyuma ya mawingu na kuta zinatiririka jasho.

Dari ya kwanza ilikuwa ya hadibodi. Ilivimba kama mkate uliozidishwa hamira, ikaachia misumari. Ya pili ilikuwa ya plaiwudi, nayo ikaachana tabaka kwa tabaka kama kitabu kilicholoa, na kwenye pembe kuvu jeusi likaota likakua mpaka watoto wakalipa jina, wakawa wanalisalimia wakiingia kukojoa. Ya tatu ilikuwa ya jipsamu. Shingo aliipaka rangi mara juu ya mara, akasema hii ndiyo watakayozeeka nayo. Haikungoja. Ilimwangukia Mvuke kichwani akiwa na sabuni machoni.

Alitoka amejifunga kanga, mweupe kuanzia nywele mpaka magoti kama mtu aliyegombana na gunia la unga. Shingo alikuwa sebuleni na wateja wawili waliokuja kuulizia dari.

"Baba watoto," akasema Mvuke, "dari yako imeshuka kukusalimu."

Wateja wakakumbuka wana safari. Mlango ulipofungwa, Shingo akalipuka.

"Wewe mwanamke ni birika! Nimeoa birika!"

"Na mimi nimeolewa na mpaka rangi wa vitu vinavyoanguka."

"Kuanzia leo ni ndoo moja. Ya vuguvugu. Unaingia, unatoka."

"Vuguvugu ni ya kuoshea maiti, bwana. Mimi bado nakula."

"Hakuna dari duniani itakayokuvumilia wewe!"

"Basi tengeneza dari. Mimi nilishatengenezwa na mama yangu, na hakuna marekebisho."

Shingo akaliacha bafu vile vile, papi, zile mbao za kushikilia dari, zikiwa zimeachwa uchi huko juu, nyeusi kwa kuoza. Alidhani baridi itamfunza mkewe adabu. Kesho yake Mvuke akatia taulo begani, akachukua kopo na dodoki, akavuka njia mchana kweupe kwenda kuoga kwa Fundi Haraka.

Huyo Haraka ndiye fundi mwingine wa dari pale mtaani. Shingo alikuwa akisema dari za Haraka huanza kulegea mwenyewe akiwa bado anakunja ngazi. Lakini bafuni kwake Haraka alikuwa ameweka paneli za plastiki, nyeupe, ndefu, zimeshikana kama meno ya mtu asiyekula sukari, unazifuta kwa kitambaa zinang'aa. Shingo alizidharau. "Plastiki ni ya ndoo," alikuwa akisema. Sasa mkewe alikuwa chini ya hiyo ndoo iliyopinduliwa, anaimba, na mtaa mzima unamsikia anaimbia wapi.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi hawakumhurumia.

"Shingo, shemeji yetu hajambo huko kwa Haraka?"

"Nasikia sauti imekuwa nzuri tangu abadilishe dari!"

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea mifuko ya saruji. Shingo hakuweza hata kuinamisha kichwa kwa aibu, maana shingo haikuruhusu. Ilimbidi aibike akitazama juu.

Lakini Mvuke naye, msidhani alikuwa peponi. Komeo la watu si komeo lako. Hajafika hata nusu ya ndoo ya kwanza, mke wa Haraka anagonga: "Dada, bado tu? Mume wangu kabanwa!" Siku moja alitoka na sabuni masikioni, akarudi nyumbani, akakaa kitandani akiwa na kopo mapajani, akahisi kama mtu aliyefukuzwa mahali. Alikuwa ametoa vitu vingi katika maisha yake bila kulalamika. Hiki hakuwa tayari kukitoa.

Siku chache baadaye Shingo akaingia na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka, na jirani mmoja alikuwa tayari amempa pole ya msiba. Akakiingiza ndani, akafunga mlango, akafunua. Paneli za plastiki.

"Usiseme neno," akamwambia mkewe.

"Nimesema nini mimi?"

"Uso wako unasema."

Kazi aliifanya kama anayejengea wafalme. Aliondoa papi zote zilizooza, akasugua kuvu kwa dawa mpaka watoto wakaliaga kwa jina lake, akapiga papi mpya zilizopakwa dawa ya kuzuia kuoza. Alichukua mpira mwembamba wenye maji, akatafuta usawa pembe kwa pembe, akachora mstari ukutani. Akafunga ukingo kuzunguka, kisha akaanza kuingiza paneli, ulimi wa moja kwenye mfereji wa nyingine, huku Mvuke akishika ncha ya pili juu ya kiti.

"Mbona umeacha nafasi huku pembeni?" Mvuke akauliza. "Umeikata fupi?"

"Plastiki hutanuka ikipata joto. Ikibanwa itapinda. Ukingo utaficha."

"Kumbe unajua habari za plastiki."

"Shika vizuri, mama watoto."

Mwisho akaziba kila ufa kwa silikoni, akalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Hapakuwa na hata upenyo wa kupitisha unywele. Akashuka ngazi, akafuta mikono, akatoa hukumu.

"Hii haivimbi wala haiozi. Ingia, oga utakavyo. Lakini sikiliza. Ikishindwa hii, hakuna ya tano. Ni vuguvugu mpaka kaburini."

"Isiposhindwa?"

"Sitasema neno tena juu ya maji yako. Na dari yangu haina tundu, kwa hiyo nitashinda."

Akaweka kiti nje ya mlango wa bafu, akakaa kama askari wa lindo. Mvuke akaingia na ndoo zake, akasukuma komeo. Lo, sauti ile! Akakaa kigodani, akamwaga kopo la kwanza mgongoni, akafumba macho.

Wimbo ulikuwa haujafika katikati, tone la maji baridi likamtua kisogoni.

Akafumbua macho. Dari ilikuwa imara, haijatikisika. Ila ilikuwa imejaa matone, yamejipanga kwenye kila mfereji, yananenepa, yanaanguka. Tone likamwingia sikioni. Jingine likazima wimbo. Kuta nazo zilikuwa zinatiririka kuliko zamani, na kuvu, popote lilipokwenda, lingepata barua ya mwaliko. Mvuke akafikiri haraka. Akitoka akasema dari inanyesha, Shingo atasema huko ni kushindwa, na maji ya moto yatakuwa hadithi. Akinyamaza, ataoga kwenye mvua maisha yake yote. Akatazama juu. Akatazama ndoo inavyofuka. Alishafunika sufuria nyingi sana katika umri wake, hakukosa kujua anachokitazama.

Akatoka, maji yakimdondoka puani.

"Dari nzima," akasema. "Haijavimba, haijaachia. Kazi safi."

"Nilikwambia!"

"Imepungukiwa kitu kimoja tu."

"Nini?"

"Tundu."

Shingo akasimama kama aliyeambiwa akatwe sikio. "Tundu? Kwenye dari yangu? Wewe punguza moto!"

"Umenifunika kwenye sufuria, mzee. Sufuria ina mfuniko usio na pa kupumulia. Mvuke unapanda, haupati pa kutokea, unarudi. Ingia uone."

"Siingii popote. Dari hii haina kasoro hata moja, na kama kuna mtu..."

Alikuwa ameshaingia ili abishe vizuri, kichwa juu kama kawaida yake, mdomo wazi. Tone likamtua ulimini. Akafunga mdomo. Likaja jingine, hili jichoni. Maji yakamshuka shavuni, na Mvuke, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, akamhurumia kweli.

"Ulisema ikishindwa hakuna ya tano," akamwambia kwa upole. "Sitaki ya tano. Naitaka hii hii. Ila ipumue."

Akampa kopo lake. "Ukubwa huu unatosha."

Shingo akapanda ngazi. Akabandika mdomo wa kopo kwenye paneli, akauzungushia penseli, akashusha pumzi, akakata. Alikata taratibu, kama mtu anayetahiri mwanawe wa pekee. Akaunganisha bomba pana kutoka kwenye tundu mpaka nje ya ukuta, akafunga wavu huko mwishoni.

"Mbu bado hapiti," akasema.

"Hapiti, mume wangu."

Jioni ile Mvuke akaoga tena. Wimbo ukafika mwisho, ukarudiwa, na dari haikutoa tone. Kilichotoka ni mvuke, ukutani, upande wa njia, mzito na mweupe. Mke wa Haraka akauona, akapiga ukunga, "Moto! Kwa Shingo kunaungua!", akaja mbio na beseni, akalimwagia bomba maji yote. Humo ndani Mvuke akatukana tusi ambalo bibi yake angejivunia. Wiki haikuisha, Haraka akaja kuomba kuazima kopo.

Tangu hapo Shingo hakukabidhi dari ya bafu mpaka mkewe ameoga chini yake. Wenye nyumba walishangaa kuona mwanamke anawasili na ndoo, taulo na dodoki, anauliza jiko liko wapi. Wengine walinuna. Lakini alipotoka na kusema "imepita", ilipita kweli, na kila dari ilikuwa na tundu la ukubwa wa kopo la Mvuke.

Miaka ikapita, na magoti ndiyo yaliyomwachisha kazi hiyo. Kigoda kilianza kumkatalia kuinuka. Basi siku moja akamwita mkwewe, mke wa kitinda mimba wake, mama wa mapacha wenye sauti za king'ora, ambaye tangu ajifungue alikuwa anaoga mlango wazi, mguu mmoja nje, akijibu maswali.

Akamwekea kopo mkononi.

"Kesho baba mkwe wako anakabidhi bafu kule kwa mshona viatu. Unakwenda wewe."

"Mimi, mama? Kufanya nini?"

"Kuoga."

"Na watoto?"

"Watoto wana bibi. Maji yachemke kweli, usinitie aibu. Ukiingia, sukuma komeo mpaka ulisikie. Keti. Imba, hata kama hujui. Wakigonga, usijibu. Wakiita jina lako, usijibu pia. Tazama juu mpaka maji yaishe ndoo zote mbili, ndipo utoke uniletee habari za dari."