Bembea ya Upanga

Nauza mapazia Kariakoo, na mapazia ninayouza nayafunga mwenyewe. Zamani nilitegemea mafundi. Mteja namwahidi asubuhi, fundi anatokea jioni, au hatokei kabisa, na lawama zote zinaniangukia mimi. Nikachoka. Nikanunua drili ya umeme, ile inayogonga huku inazunguka, nikaipeleka kwa fundi mota mmoja Buguruni na kumwomba anifundishe.

"Dada, uielewe kwanza, kuiwasha baadaye," aliniambia. Akaifungua yote mbele yangu. Akanionyesha vumbi linavyoziba matundu ya hewa, vile vipande vya kaboni vya ndani vinavyolika mpaka mota inarusha cheche, na waya unavyochubuka pale unapoingia kwenye mpini. Sikuondoka mpaka nilipoweza kuifungua na kuirudisha kwa mikono yangu.

Baada ya hapo sijawahi kuishika kiholela. Nywele nafunga, mtandio na bangili naweka pembeni, waya naupapasa wote. Biti, ile ncha ya kutobolea, sibadilishi plagi ikiwa bado ukutani.

Siku moja nilienda Upanga kufunga mapazia kwa mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mteja wangu wa miaka mingi. Nilipomaliza, akanishika mkono na kunipeleka stoo. Chini ya mashuka kulikuwa na bembea ya mti mzito, na minyororo yake ya shaba imezungushiwa magazeti.

"Siku ya harusi yangu nilikalishwa hapa," alisema. "Nyumba yetu ya zamani ilipovunjwa, tukahamia ghorofani. Mafundi wanaangalia dari, wanaondoka. Wewe binti unaweza?"

Niligonga dari kwa ngumi. Zege tupu. "Naweza, mama. Lakini si leo. Hii inataka bolti nene na biti ndefu."

Nilirudi Jumamosi. Mwanawe, mwanamume wa makamo, alikuwepo. Nilimwomba azime umeme wa nyumba nzima, kwa sababu feni ilikuwa palepale darini na sikujua nyaya zake zimepita wapi.

"Friji itayeyuka," alilalamika. "Na drili utaiendesha na nini?"

"Tuombe umeme kwa jirani."

Alizima huku ananung'unika. Jirani akatuazima waya wa kuunganishia, ukapitia mlangoni. Nilipanda ngazi, nikavaa miwani na barakoa. Biti nikaipitisha kwenye kikombe cha plastiki nilichotoboa kitako, ili vumbi lidondokee humo lisiingie kwenye mota. Mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye mshikio wa pembeni, maana biti ikinasa mashine inaweza kukuvunja kifundo cha mkono.

Tundu la kwanza liliingia vizuri, na la pili pia. Kwenye la tatu mlio ukabadilika. Ule mngurumo mzito ukawa mkali, na biti ikaanza kurukaruka bila kushuka. Nikaachia swichi.

"Ongeza nguvu, itapita," mwanawe alisema kutoka chini.

"Hii ni nondo, kaka. Nikilazimisha, biti itavunjika usoni kwangu. Na hata ikipita, nitakuwa nimekata chuma kinachoshika dari yenu."

"Sasa tutakaa na matundu darini?"

Kabla sijajibu, mama yake alisema, "Mwache. Aliyeko juu ya ngazi ni yeye."

Nilishuka, nikachomoa plagi, nikapima upya na kuyasogeza matundu yote ya upande ule ili bembea isikae kombo. Matundu yaliyobaki wazi nikayaziba kwa saruji. Safari hii drili iliimba mpaka mwisho. Nikapuliza vumbi matunduni, nikaingiza bolti, nikakaza mpaka mabega yakauma.

Bembea ilipoangikwa sikumruhusu mtu kuisogelea. Nilikaa mimi kwanza, nikajirusha kwa uzito wangu wote, na si haba. Kisha nikamwomba yule kaka akae kando yangu. Alikaa akitazama darini. Hakuna kilicholia wala kusogea.

"Ni imara," alisema taratibu. "Nilikosea, dada."

Mama yake alivua viatu, akakaa katikati, akasukuma sakafu kwa kidole cha mguu. Bembea ikaenda, ikarudi. Alifumba macho, akaanza kuimba kwa lugha yake, kwa sauti ndogo kama ya msichana. Sikuelewa neno hata moja. Nilisimama na vumbi jeupe kwenye nyusi. Nyumba ngapi nimezifungia mapazia, lakini sijawahi kumwona mtu akirudishiwa ujana wake namna ile.

Niliteremkia Kariakoo na sanduku la drili mkononi. Kwenye kona ya mtaa wetu mbeba mizigo mmoja akanikimbilia. "Mama, lete nikusaidie."

"Asante, baba," nilimwambia. "Hii nabeba mwenyewe."