Nyumba ya Kashata

Simu ilipolia, Gaudensi alikuwa ameipindua baiskeli ya mteja magurudumu juu, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Akaibonyeza kwa kidole kidogo na kuweka sauti ya nje. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kibanda cha fundi baiskeli pale Mpapura hakikosi watu, na watu hawakosi masikio.

Alikuwa dada yake Agnes, muuguzi wa Mtwara mjini. "Shikamoo kaka. Sisi tunakwenda Tukuyu kwa wakwe zangu mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Sasa kuna mnyama wa Jesca, anaitwa hamsta. Ni jamii ya panya, ila wa kufuga. Safari ya basi hataiweza, na majirani zetu wana paka. Nimeona nikuletee wewe."

Kabla Gaudensi hajaitikia hata hiyo shikamoo, sauti ya mtoto ikapasuka nyuma ya simu: "Mama, siyo kwa mjomba! Atamla!" Ikafuata sauti ya shemeji yake Elia, mfanyakazi wa bandarini, mtu mwenye kicheko cha kusikika kijiji cha pili: "Mwambie asisahau chumvi!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Gaudensi naye akacheka, maana mtu mzima akitaniwa na shemeji yake hana njia nyingine. Lakini simu ilipokatika alikaa kwenye benchi lake na kuiangalia ile baiskeli bila kuigusa. Maneno ya mtoto yalikuwa yamemuuma.

Ni lazima kusema ukweli hapa, maana kuuficha ni kumwonea huyo mtoto. Gaudensi alikuwa mla panya. Siyo panya wa mifereji, Mungu apishe mbali. Ni panya wa shambani, mla mbegu, mnene na msafi, ambaye kule Mtwara vijijini ana jina lake la heshima, samaki nchanga, na akikaushwa vizuri huandaliwa mgeni bila aibu yoyote. Katika kuwachimba, Gaudensi hakuwa na mpinzani. Alikuwa anainama kwenye tundu, anaangalia udongo wa mlangoni, anakwambia mwenyewe yumo au ametoka. Jesca alipokuwa mdogo alikula kitoweo hicho kwa mjomba wake, akaramba vidole, akaomba kuongezwa. Elia akaja kumweleza baadaye alichokula, wakiwa mezani mjini, huku akijishika mbavu. Tangu siku hiyo Jesca hakutia tena chochote mdomoni katika nyumba ya Gaudensi, hata maji.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kupita. Lakini Gaudensi alikuwa Mmakonde, na kwao mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Isitoshe yeye na marehemu mkewe Anastazia hawakujaliwa kuzaa. Jesca ndiye alikuwa mtoto wake pekee duniani, na mtoto huyo alimwogopa.

Walimleta mnyama siku iliyofuata. Alikuwa kama panya aliyekatwa mkia, mviringo, rangi ya kashata ya karanga, na Kashata ndilo lililokuwa jina lake. Jesca alipewa na rafiki yake wa shule, binti wa mhandisi mgeni ambaye mkataba wake wa kazi ulikwisha wakarudi kwao. Kizimba chake kilikuwa cha nyaya tupu, sakafu nyaya, ukubwa wa beseni la kufulia.

"Mjomba, ahidi," alisema Jesca bila kumtazama usoni.

"Nnaahidi."

"Kwa Mungu?"

"Kwa Mungu, mjomba wangu." Ndivyo alivyomwita naye, mjomba kwa mjomba, kama desturi.

Walipoondoka, Gaudensi alikiweka kizimba juu ya meza na kumchunguza mgeni. Kashata alikuwa ameng'ata nyaya mpaka manyoya ya puani yametoka. Miguu yake midogo ya rangi ya waridi ilikuwa inadumbukia kati ya nyaya kila akipiga hatua. Gaudensi akasonya. Watu wamenunua jela, alijisemea, halafu wanamwogopa yeye.

Alizunguka nyumba nzima akitafuta cha kutumia, na kila alipozunguka alijikuta amesimama mbele ya kitu kilekile: kabati la vyombo la Anastazia, lenye milango ya vioo, ambalo marehemu alikuwa analifuta kila Jumapili kabla ya misa. Hakuna kingine kilichokuwa kirefu na kipana vya kutosha. Gaudensi alitoa vikombe kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda. Akamwomba mkewe radhi kwa sauti, kwa Kimakonde, kisha akalilaza kabati chali.

Hapo ndipo jirani yake Tumaini, mtani wake tangu utotoni, alipofika na kujiegemeza mlangoni. "Unafanya nini, ntani wangu?"

"Nnajenga nyumba ya panya."

Tumaini alitafakari. "Unanjengea kitoweo nyumba," alisema, akavuta kigoda akae aone mwisho wa mambo hayo.

Gaudensi alikwangua vanishi yote ya ndani kwa msasa, kwa sababu mwenye meno yale angeitafuna tu. Akang'oa vioo vya milango, na mahali pake akapigilia wavu mwembamba wa chuma ili hewa ipite na paka asipite, ncha za waya akazifunika kwa vipande vya mbao zisimchome. Vioo alivipachika ubavuni, alikokata dirisha. Akalipandisha kabati juu ya magogo manne, kila gogo limesimama ndani ya kopo la maji, maana siafu wakiingia hapo hawaachi hata unywele. Akalisogeza kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na moshi wa jikoni na mbali na gundi yake ya mipira.

Kisha akamwaga udongo. Tumaini alidhani utani. Karai baada ya karai, udongo uliochekechwa, ukakaangwa kwenye sufuria kuua wadudu, ukapoozwa, ukanyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa kiganja ili shimo likichimbwa lisimame. Alijaza zaidi ya nusu ya kabati. Juu akatandaza maranda makavu ya seremala, yasiyo na dawa ya mchwa wala harufu. Akaweka chungu kidogo cha kujificha, lakini siyo juu ya udongo. Alikikalisha kwenye vigingi vilivyofika mpaka kwenye mbao za chini, ili mwenye nyumba akichimba chini yake kisije kikamwangukia. Akaweka mchanga mkavu wa kuogea kwenye kisahani, maji kwenye kisosi kizito, na tawi la mpera la kunoa meno. La mkorosho alilikataa, kwa sababu utomvu wake unababua. Mwisho akakata kitako cha ndoo ya plastiki, akakifunga kwa beringi ya baiskeli, kikawa gurudumu lisilo na tundu la kunasa mguu.

Kashata alipowekwa humo alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa huku na huku. Halafu akaanza kuchimba kama mtu aliyechelewa kazini.

Zile wiki zilikuwa tamu kuliko Gaudensi alivyotarajia. Alizoea kula ugali wake karibu na kioo, akimtazama mgeni anavyojaza mbegu za maboga mashavuni mpaka kichwa kinapanuka, kisha anazipeleka chini ghalani. Akaanza kuongea naye. Alimweleza habari za wateja wabishi, na za Anastazia. Mitego yake aliitundika, jembe la kuchimbia akalikopesha. Kama mapenzi ni kumjali asiyekuhitaji sana, basi alikuwa amempenda yule mnyama, na hakuona sababu ya kuficha.

Asubuhi ya siku waliyotarajiwa kurudi akina Agnes, Tumaini alikuja ameshika kijiti cha samaki nchanga waliokaushwa, wamepangwa safu, mikia inaning'inia. "Najua umejinyima," alisema. "Ngeni wako anaondoka leo. Jioni ujipongeze."

Kitoweo cha jirani hakikataliwi. Gaudensi alishukuru, akakichomeka kijiti kwenye paa la jiko, akinuia kukificha ndani ya ndoo. Mara akaja mteja aliyekatikiwa na mnyororo, na jambo likamtoka akilini.

Gari dogo la Elia lilipiga honi alasiri. Jesca alishuka kabla halijasimama vizuri, akampita mjomba wake kama upepo na kuingia ndani. Kizimba alikikuta kitupu, akaangalia kwenye kioo cha kabati. Udongo. Aliangalia ndani ya chungu. Maranda. Akaita, "Kashata! Kashata!" Akatoka mlango wa nyuma, labda kumtafuta uani, na huko akakutana uso kwa uso na kile kijiti.

Hakulia kwanza. Alinyoosha kidole tu. Kisha akapiga yowe lililowatoa majirani.

Agnes alikuja mbio. Akaona kijiti, akaona mwanawe, akamgeukia kaka yake. "Kaka?" alisema.

Neno lile moja lilimchoma Gaudensi kuliko yowe. Agnes huyu, Gaudensi mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao yuko shambani. Alimlisha kabla hajajilisha. Na Agnes huyu alikuwa anamuuliza.

"Yumo nndani ya udongo," alisema. "Amelala. Nchana huwa analala."

Elia safari hii hakucheka. Aliokota jembe la palizi lililoegemezwa ukutani. "Shemeji, tufukue basi tumwone, ubishi uishe."

"Hapana," Gaudensi akasema, akasimama mlangoni.

"Hapana kwa nini?"

"Jembe likiingia, shimo linabomoka. Nimeona wengi wanavyokufa hivyo. Tusubiri jua lishuke, atatoka mwenyewe."

Alisema kwa uthabiti, lakini mwenyewe hakuwa na hakika. Tangu juzi, joto lilipozidi, Kashata hakuonekana. Mbegu za juzi zilikwisha, za jana zilikuwa palepale. Gaudensi angeweza kuingiza mkono na kujua katika dakika moja kama yeye ni mtu mwema au la machoni pa wote waliojaa uani. Hakuingiza. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo.

Jesca alikwenda kujifungia garini. Jua lilishuka polepole mno. Majirani walichoka, wakaenda zao, na Tumaini akaja kukichukua kijiti chake kimyakimya, uso ameinamisha. Hatimaye Gaudensi alisikia nyayo, akajua ni za nani, hakugeuka.

"Kwa nini uliweka udongo mwingi hivyo?" Jesca aliuliza kutoka mlangoni.

"Ili achimbe. Chini kuna ubaridi."

"Ulijuaje?"

Angeweza kusema aliambiwa, au alisikia redioni. Mtoto asingejua. "Nimewachimba wengi, mjomba wangu," alisema. "Ukiingiza nkono nndani ya shimo saa ya jua kali, nje kunaungua, kule nndani kuna ubaridi kama ntungini. Vyumba vyao vyote navijua. Cha kulala, cha akiba, hata choo wanacho."

"Halafu ukawala."

"Nikawala."

Jesca alikitazama kioo. "Na Kashata?"

"Kashata nimenjengea."

Jesca hakuondoka. Alikuja akakaa sakafuni, siyo karibu, siyo mbali, akakikazia macho kioo. Wote wawili walitazama udongo mpaka macho yakauma.

Udongo ulitikisika kwenye kona. Ukatulia. Ukatikisika tena, na pua ikatokea, kisha mashavu mawili yaliyovimba, kisha Kashata mzima, mnene, mchafu, manyoya ya puani yameota upya. Alikuwa na akiba ya kutosha huko chini, hakuona haja ya kupanda juu kwenye joto. Alisimama, akanawa uso kwa mikono yake midogo, akapanda gurudumu na kuanza kukimbia.

Jesca alicheka mpaka akalala chali. Gaudensi alifuta macho kwa mkono wa grisi, akajipaka uso mzima, wala hakujali. Nyuma yake alihisi kiganja cha Agnes kimetua begani. "Nisamehe, kaka," alisema, na Gaudensi akakipigapiga kile kiganja.

"Haya," Elia akaita kutoka nje, "Jesca, mtie kwenye kizimba chake twende, giza linaingia."

Jesca alikileta kizimba cha nyaya, akakiweka kando ya kabati. Akakiangalia, akaliangalia kabati. "Baba, hakimtoshi."

"Mbona mwanzo kilimtosha?"

"Hata mwanzo hakikumtosha. Hatukujua tu." Akamgeukia mjomba wake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimtazama usoni. "Akikaa huku, utachoka kumtunza?"

"Nitachokaje?"

"Basi abaki. Na mimi nabaki mpaka shule ifunguliwe." Akafikiri kidogo, akakunja uso, akashika tumbo. "Mjomba, nina njaa. Unapika nini?"

Agnes alijiziba mdomo kwa kanga.

"Kuku," alisema Gaudensi, ingawa hakuwa na kuku ila mtagaji mmoja tu. Akatoka mbio uani, na Elia nyuma yake na Tumaini akiruka ua kuja kusaidia, watu wazima watatu wakimkimbiza kuku mmoja kwenye giza huku Jesca, mlangoni, akiwapigia kelele amepita wapi.